Gitaa Kavu Kwenye Mitambo: Pikapu, Maiki, au Vyote Viwili?

"Gitaa lina jeki, sasa maiki ya nini tena?" Kaa karibu na mixa kabla ya ibada au sherehe hapa Dodoma, hutakosa kulisikia swali hilo kutoka kwa fundi mitambo. Mpigaji naye ana lake. Anasema akichomeka waya gitaa linapoteza utamu wote, linabaki na ukali wa kukwaruza ambao nyumbani haupo. Anataka maiki. Fundi anajua maiki hiyo itakavyopiga mluzi. Muda unakwisha, wageni wanaingia, na kwa kawaida aliyeshika mixa ndiye anayeshinda.

Tangu Serikali ihamie huku na mji kutangazwa kuwa jiji mwaka 2018, kumbi na hoteli zimeongezeka, na pamoja nazo nafasi za mwimbaji mmoja na gitaa lake: kwenye sendofu, kwenye chakula cha jioni cha wajumbe wa mkutano, kwenye ibada za vijana. Bendi kubwa ina ngoma na kinanda vya kufunika udhaifu wa gitaa. Mpigaji wa peke yake hana pa kujificha, kwa hiyo kila kasoro ya sauti yake ukumbi mzima unaisikia.

Wapo waliojaribu njia ya tatu, yaani kuchomeka waya na kuweka maiki kwa pamoja, wakakuta sauti imekuwa mbaya kuliko walipotumia kimoja. Besi imetoweka, noti nyingine zinasikika na nyingine zinakufa. Wakaamua kwamba kuchanganya ni mambo ya studio tu. Uamuzi huo si sahihi. Pikapu (kile kifaa kilichofungwa kwenye gitaa kinachopeleka mtetemo wake kwenye waya) na maiki vikigawiwa kazi vizuri vinalipa gitaa kavu sauti ambayo hakuna kimoja kinachoweza kuitoa peke yake. Vikirundikwa bila mpango, vinauana, na sababu ya kuuana inaeleweka kabisa hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika mixa.

Kila kimoja kinasikia nini

Gitaa kavu ni lile lenye boksi la mbao lililo tupu ndani, linalotosha kusikika chumbani bila umeme. Nyuzi zikitetemeka, mtetemo unashuka kwenye daraja, unautikisa ubao wa mbele, nao ubao unaisukuma hewa. Sauti inatoka kila mahali kwa wakati mmoja: ubao mzima, tundu, mbavu, hata kucha zinapogusa nyuzi.

Maiki inapokea hewa hiyo iliyotikiswa. Pikapu inapokea mtetemo wenyewe, kabla haujageuka kuwa sauti ya hewani. Tofauti ni hiyo tu, na mengine yote yanatokana nayo. Mfikirie mtu anayeimba. Ukisimama hatua chache mbele yake unasikia wimbo mzima pamoja na pumzi na maneno, ila unasikia pia watoto wanaolia na feni inayozunguka. Ukiweka kiganja kifuani pake unahisi mtetemo wenye nguvu ambao hakuna kelele ya ukumbini inayouvuruga, lakini maneno hayamo. Pikapu ni kile kiganja.

Pikapu utakayokutana nayo mara nyingi ni piezo, utepe mwembamba uliofichwa chini ya kile kijiti cheupe ambacho nyuzi zimelalia kwenye daraja. Inatumia tabia iliyoonyeshwa mwaka 1880 na ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie: kuna fuwele ambazo zikibanwa hutoa umeme kidogo. Kila uzi unapotetemeka unaubana utepe na kuuachia, na umeme unafuata mwendo huo. Nyingine ni ya sumaku, ile inayobanwa kwenye tundu la gitaa. Hiyo inasikia chuma peke yake, kwa hiyo ukiiweka kwenye gitaa la nyuzi za nailoni hupati kitu. Nyuzi zenye rangi ya shaba zinafanya kazi kwa sababu ndani yake mna waya wa chuma. Halafu kuna vidonge vya kubandika ndani ya boksi chini ya daraja, ambavyo vinausikia ubao zaidi kuliko nyuzi. Hivi vina sauti laini kuliko piezo, lakini huanza kuvuma mapema zaidi.

Gitaa kavu likiwekewa pikapu haligeuki kuwa gitaa la umeme. Gitaa la umeme limetengenezwa ili sauti yake izaliwe ndani ya amplifaya. Gitaa kavu lina sauti yake tayari, na kazi ya mitambo ni kuikuza tu bila kuiharibu. Fundi asiyeiona tofauti hii atalipangia gitaa kavu ikwalaiza (vitufe vya kupandisha na kushusha besi, sauti za kati na trebo) ya gitaa la solo, na hapo hakuna maiki itakayomsaidia.

Ukali wa piezo na ohmu zake

Ule ukali ambao wapigaji wanaulalamikia una vyanzo viwili. Cha kwanza ni cha asili. Piezo inasoma mbano wa nyuzi mahali pamoja tu, pale kwenye kijiti. Ukikung'uta nyuzi kwa nguvu, mbano unapanda ghafla, na sauti inatoka ngumu kwa sababu ule ulaini unaoletwa na boksi na hewa bado haujaingia. Hilo huwezi kulimaliza kabisa. Unaweza kulipunguza kwa kushusha kidogo masafa ya kati ya juu, karibu na Hezi 2,000 hadi 4,000, yaani mitetemo 2,000 hadi 4,000 kwa sekunde.

Chanzo cha pili ni cha kujitakia. Piezo isiyo na priampu, yaani kikuza sauti kidogo cha mwanzo, ina umeme dhaifu unaohitaji kupokewa na kifaa chenye ukinzani (kizuizi cha umeme, kinachopimwa kwa ohmu) mkubwa sana, angalau ohmu milioni 1, na milioni 10 ni bora zaidi. Tundu la kawaida la laini kwenye mixa lina kama ohmu 10,000. Ukichomeka piezo tupu hapo, besi inamezwa yote na kinachobaki ni mkwaruzo. Fundi akiona besi haipo anapandisha kitufe cha besi, anapandisha ngurumo badala ya gitaa, na lawama zinarudi kwa gitaa.

Dawa yake ni priampu iliyomo ndani ya gitaa, inayotumia betri ya volti 9, au DI boksi, kile kisanduku cha kuunganishia, yenye ukinzani mkubwa kati ya gitaa na mixa. DI boksi ina faida nyingine: inaibadilisha sauti iwe ya kusafiri kwenye waya mrefu wa maiki bila kuokota kelele njiani. Nenda kwenye kumbi zetu uone mixa ilivyo nyuma ya watu na jukwaa mbele, waya mwembamba wa gitaa umetandazwa kutoka huku hadi kule. Waya ule ni antena. Na kama gitaa lina betri, ibadilishe kabla ya siku yenyewe. Betri inayokufa inaleta sauti iliyopasuka ambayo watu wengi huidhania ni spika mbovu.

Kwa nini maiki inapiga mluzi

Sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki, inarudi kwenye spika ikiwa imekuzwa, inaingia tena. Mzunguko ukifikia hatua ambayo kila duru ni kubwa kuliko iliyotangulia, mluzi unazaliwa. Kwa gitaa kavu mara nyingi unaanza kama mvumo wa chini badala ya mluzi mwembamba, kwa sababu gitaa lenyewe lina masafa linayoyapenda. Hewa iliyomo kwenye boksi la gitaa la kawaida inavuma yenyewe karibu na Hezi 100, na ubao wa mbele unavuma karibu na Hezi 200. Ndiyo maana ukibonyeza freti (nafasi za vidole shingoni) ya 3 kwenye uzi mnene kuliko yote, noti ya G yenye Hezi 98, ukumbi unajaa mvumo usiokoma, wakati noti za jirani zinatulia.

Hapo pikapu nayo haina kinga kamili. Spika ikivuma kwa nguvu inautikisa ubao wa gitaa, ubao unaitikisa pikapu, na mzunguko ni uleule. Pikapu inastahimili zaidi, basi. Kifuniko cha mpira cha kuziba tundu la gitaa kinasaidia sana kwenye jukwaa lenye kelele, na bei yake si ya kutisha.

Watu wengi wanailekeza maiki kwenye tundu la gitaa kwa kuamini kwamba sauti ndiko inakotokea. Kinachotoka pale kwa wingi ni mvumo wa boksi. Ielekeze pale shingo inapoungana na boksi, karibu na freti ya 12 hadi ya 14, kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30. Kila ukiukata umbali huo nusu unapata desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) za bure bila kugusa mixa, na kila ukiuongeza mara mbili unazipoteza hizo hizo. Mpigaji anayesimama nusu mita kutoka kwenye maiki na kumwomba fundi "ongeza" anaomba mluzi.

Kisha kuna jambo ambalo kwaya zetu hazilitilii maanani. Kila idadi ya maiki zilizo wazi inapozidishwa mara mbili, mitambo inapoteza kama desibeli 3 za nafasi kabla ya kulia. Kwaya yenye maiki nane wazi imeshapoteza desibeli 9 ukilinganisha na maiki moja. Gitaa ndilo linalolaumiwa kwa sababu ndilo linalovuma kwanza, lakini maiki tano za waimbaji waliokaa chini zikifungwa, gitaa linapona.

Vinavyouana vikikutanishwa

Sasa tufike kwenye kiini. Sauti ni kusukuma na kuvuta. Ubao wa gitaa ukija mbele hewa inasukumwa, ukirudi nyuma hewa inavutwa. Kifaa kinageuza msukumo kuwa umeme chanya na mvuto kuwa umeme hasi. Lakini vifaa vyote havikuungwa kwa mpangilio mmoja, na pikapu yako inaweza kutoa hasi pale maiki inapotoa chanya. Mixa kazi yake ni kujumlisha. Chanya 5 ukijumlisha na hasi 5 unapata sifuri, hata kama kila upande peke yake ulikuwa na nguvu.

Hasara hii inaangukia besi kuliko kitu kingine. Noti ya chini kabisa ya gitaa, uzi mnene ukiwa wazi, ina Hezi 82, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 4. Kwa wimbi refu namna hiyo, sentimita 30 za kufika kwenye maiki ni kitu kidogo, kwa hiyo pikapu na maiki vinaliona karibu kwa wakati mmoja. Vikikubaliana, besi inakuwa nene. Vikipingana, inafutika. Hiyo ndiyo siri ya "nimeweka vyote viwili gitaa likawa jembamba".

Jaribio lake ni la dakika moja. Mpigaji apige uzi mnene ukiwa wazi, taratibu, mfululizo. Fundi apandishe chaneli ya pikapu hadi isikike vizuri, kisha apandishe ya maiki hadi ilingane nayo. Halafu abonyeze kwenye chaneli moja kile kitufe chenye alama ya duara lililokatwa na mstari, na kukiachia, huku akisikiliza besi tu. Upande ambao besi imejaa ndio wa kubaki nao. Hakuna haja ya kujua nani ni chanya. Priampu nyingine za gitaa zina kitufe hicho ubavuni mwa gitaa lenyewe. Mixa ndogo nyingi hazina, na kwa hizo tengeneza waya mmoja wa maiki ambao upande mmoja pini ya 2 na ya 3 zimebadilishana, uufunge utepe mwekundu ili usije ukachanganywa na nyingine. Waya huo unafanya kazi ileile.

Kwenye noti za juu hadithi inabadilika, na kitufe peke yake hakitoshi. Umeme wa pikapu unafika kwenye mixa papo hapo. Sauti inayokwenda kwenye maiki inatembea hewani, kama mita 345 kwa sekunde katika joto letu, kwa hiyo maiki iliyo sentimita 30 mbali inachelewa karibu milisekunde 0.9. Muda huo ni mdogo mno kwa sikio kuusikia kama mwangwi. Lakini wimbi la Hezi 575 hivi linakuwa limefika nusu ya mzunguko wake ndani ya muda huo: pikapu ikivuta, maiki inasukuma, na jumla inashuka. Shimo kama hilo linatokea tena kwenye mara tatu yake, karibu na 1,725, na mara tano, karibu na 2,875, na kuendelea juu. Noti ya D kwenye uzi mwembamba, freti ya 10, ina Hezi 587. Mpigaji anayesema noti hiyo inakufa wakati jirani zake ziko hai anaeleza jambo la kweli, na anastahili kusikilizwa.

Ubaya ni kwamba shimo halikai mahali pamoja. Mpigaji akirudi nyuma sentimita 10 tu, linahama kutoka Hezi 575 hadi karibu 430. Akiyumba na wimbo, kama wapigaji wengi wazuri wanavyofanya, linatembea naye, na gitaa zima linasikika likizunguka.

Mixa za kidijitali zinakuwezesha kuichelewesha chaneli ya pikapu kwa milisekunde hiyo moja kasoro, ili vyote viwili vifike pamoja. Ukiwa nayo, itumie. Lakini uchelewesho huo unasaidia pale tu umbali haubadiliki. Mimi naona afadhali maiki ndogo inayobanwa kwenye gitaa lenyewe, au ile inayoingizwa ndani ya boksi, kuliko maiki ya stendi kwa mpigaji asiyetulia. Ya ndani ya boksi inasikia mvumo mwingi, hivyo isiachwe na besi yake hata kidogo.

Kugawa kazi

Dawa iliyo bora kuliko zote ni kutoziachia pikapu na maiki zisikie kitu kimoja. Zikigawana masafa, hazina pa kugongana. Pikapu ipewe besi na mwili wa sauti, kwa sababu inastahimili mvumo. Maiki ipewe kile ambacho pikapu haikijui: hewa, mng'ao wa nyuzi, mguso wa kidole.

Kwenye chaneli ya maiki kata kila kitu kilicho chini ya Hezi 150 au 200. Ukiwa na kitufe cha kukata besi kilichowekwa Hezi 80 au 100 tu, kibonyeze, halafu shusha na kitufe cha besi. Sauti ya maiki peke yake itakuwa nyembamba mno, na mpigaji akiisikia atashtuka. Mwache. Kwenye chaneli ya pikapu shusha trebo mpaka ule mkwaruzo upungue, hata kama nayo peke yake inaonekana imezibwa. Anza na pikapu kwenye spika za mbele, ifikishe kiasi unachokitaka, kisha ipandishe maiki polepole sana. Kuna mahali utafika ambapo bado huisikii maiki kama maiki, ila ukiifunga ghafla unahisi gitaa limeondoka mbele yako na kurudi ndani ya sanduku. Simama hapo hapo. Mafundi wengi wanapita mahali hapo kwa kutaka kuisikia maiki waziwazi, na mita chache mbele mluzi unawasubiri.

Kwenye monita, spika ya mpigaji kujisikia mwenyewe, iende pikapu peke yake. Hili ningelisisitiza kuliko yote niliyoandika. Monita iko karibu na maiki kuliko spika yoyote, na mpigaji anahitaji tu kujisikia anapiga nini. Utamu ni wa wasikilizaji. Kama monita iko sakafuni mbele ya mpigaji, hakikisha mkia wa maiki ndio unaoitazama. Maiki za kawaida za jukwaani husikia mbele na kukataa nyuma, kwa hiyo mahali pa monita ni nyuma yake, wala si ubavuni.

Na maiki yenyewe? Kondensa ndogo, aina ya maiki nyepesi kusikia inayotumia volti 48 kutoka kwenye mixa inatoa mng'ao mzuri zaidi. Lakini SM57 ya Shure, iliyoingia sokoni mwaka 1965, na hata maiki ya kawaida ya kuimbia, zinatosha kwa kazi hii, kwa sababu besi imeshachukuliwa na pikapu. Maiki ya bei mbaya haiondoi mluzi. Mluzi unatokana na mahali ilipo maiki, mahali ilipo spika na kiasi ulichopandisha, na hakuna bei inayobadilisha hilo.

Upepo, ukavu na umeme wa hapa

Dodoma ina mambo yake. Kiangazi chetu ni kirefu, kuanzia Mei hadi Novemba, na upepo wake kila mwenyeji anaujua. Sherehe ya uwanjani saa kumi jioni, upepo ukipiga kwenye maiki, spika zinanguruma kuliko gitaa. Pikapu haisikii upepo. Kwa hiyo nje egemea pikapu, ivishe maiki sponji nene, kata besi yake hadi Hezi 200, na upepo ukizidi ifunge bila kujuta. Ndani ya ukumbi wenye paa la bati na sakafu ya vigae tatizo ni jingine: sauti inarudi kutoka kila upande, na maiki inaiokota yote. Isogeze karibu zaidi, sentimita 15 hadi 20.

Ukavu unaharibu zaidi ya sauti. Mbao za gitaa zinataka unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Kiangazi kikikolea ubao wa mbele unanywea na kushuka, kijiti cha darajani kinakaa vibaya, na piezo iliyo chini yake inabanwa upande mmoja kuliko mwingine. Ndipo unapokuta uzi mmoja unasikika mdogo kwenye spika ilhali kwa sikio tu uko sawa. Watu wanabadilisha pikapu nzima, kumbe kijiti kinahitaji kusawazishwa chini au kusafishwa vumbi. Gitaa likae ndani ya mkoba wake pamoja na sponji yenye unyevu iliyowekwa kwenye kisanduku cha sabuni chenye matundu. Inatosha.

Kuhusu umeme nasema kwa uzito. Ngurumo ya chini isiyokoma, ya Hezi 50 au 100, hutokea mara nyingi pale amplifaya ya jukwaani na mixa vinapochukua umeme kwenye soketi mbili zilizo mbali. Nimeona watu wakiing'oa waya wa ethi kwenye plagi ili ngurumo ipotee. Inapotea kweli. Na siku kifaa hicho kitakapovuja umeme, njia yake itakuwa ni mkono wa mpigaji ulioshika nyuzi za chuma na mdomo wake uliogusa maiki ya chuma. Volti 230 zinaua. Vifaa vyote vichukue umeme sehemu moja, na kama ngurumo ingalipo bonyeza kitufe cha kukata ethi kilicho kwenye DI boksi. Hicho kinakata njia ya sauti tu, ethi ya kukulinda inabaki palepale.

Ilimba nayo

Wanaodhani haya ni ya magitaa pekee wasikilize ilimba ya Wagogo. Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka ala hiyo kwenye majukwaa ya dunia. Ilimba ina vijiti vya chuma juu ya boksi la mbao, na kwenye boksi kuna vitundu vilivyobandikwa utando wa buibui. Utando huo ndio unaoipa ule mzizimo wa kuvuma ambao bila wao Mgogo atakwambia ala haijakamilika. Ukibandika kidonge cha piezo kwenye mbao unapata chuma na mbao, safi na kwa nguvu, lakini mzizimo unapungua sana kwa sababu unazaliwa kwenye utando na kuishi hewani. Maiki ikielekezwa kwenye vile vitundu inaupata wote. Hapa mgawanyo wa kazi ni wazi kuliko hata kwenye gitaa, na fundi anayekata "kelele" hizo kwa ikwalaiza akidhani ni hitilafu anaikata ala yenyewe.

Uanze na nini

Kwa kwaya au mpigaji mwenye fedha ya kifaa kimoja kwa sasa, ningeshauri DI boksi yenye ukinzani mkubwa, kwa sababu inaiponya pikapu mliyonayo tayari, na hiyo ndiyo itakayobeba mzigo kila mahali, ndani na nje. Cha pili kiwe stendi fupi imara na maiki moja ya kawaida. Kifuniko cha tundu kifuate. Mixa ya kidijitali yenye kuchelewesha chaneli ije mwisho, wakati mpigaji na fundi wameshajaribu pamoja katikati ya wiki, ukumbi ukiwa mtupu, na kuweka alama ya utepe sakafuni mahali pa kiti, pa stendi na pa monita.